Kutu kwenye bodi ya gari kuukuu: kabla ya kukata bati, tafuta maji yanakoingilia

Mleta uzi, Moshi

Wakuu, salaam kutoka Moshi.

Kila masika inapoelekea kwisha, swali la kutu hurudi humu, na jibu linaloungwa mkono na wengi ni lile lile: mpelekee fundi, apige puti (ule mchanganyiko mzito wa kujazia na kusawazisha bati), apake rangi, gari lirudi kazini. Mimi silikubali jibu hilo, na ninaomba uvumilivu wenu nieleze kwa urefu. Gari ninalolitunza ni Hilux pikapu ya miaka ya 1990, inayoshusha ndizi kutoka Kibosho na kupandisha pumba na samadi, na bodi yake imeshapita mikononi mwa mafundi wa kila namna kabla ya kutengenezwa inavyostahili.

Kutu haihitaji mengi zaidi ya chuma, hewa na maji. Rangi ikiwa nzima, chuma hakikutani na maji, na mambo huwa shwari. Lakini bati la mlango, la madigadi au la kizingiti cha chini ya mlango lina pande mbili, na ule upande wa ndani, ambao hakuna anayeuosha wala kuukagua, ndio unaokaa na unyevu kwa muda mrefu. Kwa hiyo unapoona rangi ya nje imevimba na kuota vipele kwenye ukingo wa chini wa mlango, mara nyingi kutu imekwisha kula unene wote wa bati kutokea ndani. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, na ndiyo inayoisukuma rangi juu. Ukikwangua kipele hicho, ukajaza puti na kupaka rangi, umeufunika upande ambao haukuwa na tatizo tangu awali.

Tuuangalie huo mlango. Mvua inayopiga kioo hupita pembeni mwa raba na kuteremka ndani ya mlango. Hilo si kasoro. Magari yameundwa hivyo, na ndiyo maana mtengenezaji ameacha vitundu vidogo kwenye ukingo wa chini ili maji yatoke. Vumbi la kiangazi linapoingia humo na kukutana na maji ya vuli, hugeuka tope, tope huziba vitundu, na maji hubaki. Nilipong'oa ubao wa ndani wa mlango wa dereva, nilikuta udongo mweusi mzito umejaa chini, umelowa ingawa mvua ilikuwa imekatika siku nyingi, na ndani yake zilikuwamo punje za pumba. Ncha ya bisibisi ilipita kwenye bati bila kusukumwa. Mlango huo ulikuwa umepigwa puti na kupakwa rangi katika gereji moja ambayo sitaitaja, na kazi ya nje ilikuwa safi kabisa, ila vitundu vya kutolea maji navyo vilikuwa vimezibwa kwa puti.

Sehemu nyingine za kukagua ni mkunjo wa madigadi juu ya tairi, ambako tope hujishikiza na kukaa likiwa bichi. Mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, ambao hujaa majani kwa magari yanayolala chini ya miti. Sakafu ya ndani, chini ya kapeti. Na kitako cha betri, kwa sababu ya asidi. Kwa pikapu kama yangu, adui mkubwa ni bodi ya nyuma. Samadi hushikilia maji na ina chumvi pamoja na amonia, na mbao au mpira tunaotandika ili kulinda bati huufungia unyevu huo chini yake. Wengi tunadhani tumelinda bodi, kumbe tumeitengenezea mahali pa kuozea.

Kabla ya kumwona fundi, pita na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini kisichokwaruza rangi. Panapokuwa na bati itang'ang'ania, na panapokuwa na puti nene itadondoka. Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi. Sauti ya bati zima na ya bati lililooza hazifanani, hata kwa mtu asiye fundi.

Sasa kuhusu kukata. Fundi mwenye haraka hukata pale palipotoboka tu. Bati linalozunguka tundu limekwisha kuwa jembamba, na moto wa kuchomelea ukiligusa huyeyuka, ndipo tundu la ukubwa wa sarafu linapogeuka kuwa la ukubwa wa kiganja. Inatakiwa kwanza kukwangua rangi yote kwa grenda yenye brashi ya waya mpaka bati ling'ae pande zote, kisha kurudi sentimita mbili au tatu ndani ya bati zima, na hapo ndipo mkato upite. Pembe za mkato ziwe za mviringo, kwa kuwa pembe kali ndiyo itakayopasuka gari likianza kutikiswa na barabara ya mawe. Umbo la kiraka lichorwe kwanza kwenye boksi gumu la karatasi, lijaribiwe, lipunguzwe, ndipo lihamishiwe kwenye bati la unene unaokaribiana na la gari, yaani kati ya milimita 0.8 na 1.

Kiraka kiingie ndani ya tundu, ukingo kwa ukingo. Kupandisha bati juu ya bati ni rahisi zaidi, lakini katikati hubaki upenyo mwembamba usiofikika kwa brashi ya rangi, nao hunyonya maji na kuyashikilia. Panapolazimu kupandisha, mabati yote mawili yapakwe kwanza praima (rangi ya msingi) yenye zinki inayostahimili kuchomelewa, na ukingo ufungwe kwa gundi ya maungio baadaye. Mashine ya kuchomelea inayofaa ni ile ya CO2 yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8. Ile ya kawaida ya vijiti, yenye kijiti cha milimita 2.5, inafaa mageti na vyuma vinene, si bati la mlango. Fundi apige nukta moja hapa, nyingine upande wa pili, asubiri bati lipoe ndipo aendelee kujaza mapengo. Akivuta mstari mmoja mrefu, bati litajikunja na kufanya mawimbi, mawimbi yataitaka puti, na tutakuwa tumerudi kule kule tulikotoka.

Na kabla ya cheche yoyote kuruka: toa waya za betri, hasi kwanza, ng'oa kapeti na viti vilivyo karibu, jua bomba la mafuta linapita wapi, na kibanio cha ardhi cha mashine kikamate bati karibu kabisa na panapochomelewa. Ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto viwepo, na mtu wa kuangalia upande wa pili awepo, kwa kuwa moto wa kapeti huanza kimya kimya upande ambao fundi hauoni.

Nawakaribisha wenye uzoefu.

Mchangiaji, fundi bodi, Unga Limited, Arusha

Ndugu mleta uzi, nimekusoma hadi mwisho na sina ugomvi na maelezo ya kukata. Ila umewabebesha mafundi mzigo ambao nusu yake ni wa wateja. Mteja huja na gari Jumatano, ana harusi Jumamosi, na anataka ling'ae. Ukimwambia mlango unahitaji kukatwa, hukuona wewe ni mwizi, na huhamia gereji ya jirani ambako ataambiwa anachotaka kusikia. Mwingine gari lenyewe analiuza mwezi ujao, na huyo hata hafichi nia yake.

Puti yenyewe haina kosa. Imetengenezwa kwa ajili ya kusawazisha bati ambalo tayari ni zima, na kwa kazi hiyo hakuna kinachoishinda. Makosa ni namna inavyotumika, na niyataje matatu ambayo ninayaona kila siku, hata katika gereji zenye jina.

La kwanza ni unene. Baada ya kusuguliwa, puti isizidi milimita tatu hivi. Nimewahi kubandua tabaka nene kama chapati mbili kutoka kwenye madigadi, na nyuma yake hakukuwa na bati, kulikuwa na gazeti lililokunjwa ili kuzuia puti isidondoke.

La pili ni hadena, yaani dawa inayochanganywa na puti ili ikauke. Watengenezaji wengi huelekeza kati ya gramu 1 na 3 kwa kila gramu 100 za puti. Mwezi wa sita na wa saba Arusha ni baridi, puti huchelewa kukauka, na kijana wa gereji huongeza hadena kwa kukisia ili amalize kazi kabla ya giza. Hadena ikizidi, puti inakuwa kavu na yenye kumeguka, na wakati mwingine doa lake hupenya hadi kwenye rangi ya juu, hasa rangi nyeupe. Dawa ya baridi ni kulipasha bati joto kwa taa au kusubiri jua la saa sita.

La tatu, ambalo wengi watanibishia, ni msasa wa maji. Puti hunyonya maji. Ukiisugua kwa msasa wa maji halafu ukapiga praima jioni hiyo hiyo, umefungia maji ndani kwa mikono yako mwenyewe, na vipele vitakavyotokea mteja atadai ni kutu imerudi. Puti isuguliwe kavu, ukianzia msasa namba 80 na kupanda, huku fundi amevaa kizuia vumbi. Msasa wa maji usubiri praima ikauke.

Kuhusu bati la kiraka, niongezee onyo. Vijana huchukua kipande cha bati la kuezekea, geji 28 au 30. Mbali na kwamba halifiki nusu milimita, limepakwa zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi wakati chuma chenyewe kinayeyuka karibu na nyuzi 1,500. Maana yake ni kwamba kabla chuma hakijashikana, zinki imekwisha kuwa moshi mweupe, na anayeuvuta hushikwa usiku na homa na kutetemeka, akadhani ni malaria. Ukilazimika kutumia bati lenye zinki, sugua zinki yote mahali pa kuchomelea na ufanyie kazi mahali penye hewa, ila upepo usipige moja kwa moja kwenye mashine ya CO2, kwa kuwa utaipeperusha gesi na maungio yatajaa vitundu.

Mleta uzi, Moshi

Mkuu, nakubali kuhusu wateja. Ndiyo sababu ninashauri makubaliano yafanywe kwa hatua. Malipo ya kwanza ni ya kufungua na kukwangua, na baada ya hapo mwenye gari aje aone bati tupu kabla halijaguswa na kitu kingine. Ya pili ni ya kukata na kuchomelea, na aone tena, pande zote mbili, kabla ya puti. Rangi ni ya mwisho. Mafundi wawili niliowapelekea masharti hayo walikataa, na kukataa kwao kulinipa jibu nililolihitaji. Wa tatu aliyakubali na akadai bei ya juu zaidi, jambo ambalo naliona ni haki, kwa sababu kazi ya bati huchukua muda ambao rangi haiuonyeshi.

Katika hatua hiyo ya bati tupu kuna jambo moja ambalo limezua mabishano mengi: dawa ya kutu. Zile zenye asidi ya fosforiki hugeuza mabaki ya kutu kuwa fosfeti ya chuma, ambayo haisambai. Zinasaidia katika vishimo vidogo ambavyo brashi ya waya haifiki, lakini hazirudishi bati lililokwisha kuliwa, na haziwezi kupenya kutu nene yenye magamba. Baada ya kuzitumia, fuata maelekezo ya chupa kuhusu kusuuza na kukausha, kwa kuwa asidi iliyobaki huifanya praima ya epoksi isishike vizuri. Mimi naamini katika praima ya epoksi kuliko ile ya kijivu ya kawaida. Ile ya kawaida hupitisha unyevu, na magari tunayoyaona barabarani yakitembea na mabaka ya kijivu masika nzima, wenyewe wakisubiri fedha ya rangi, yanaendelea kuoza chini ya mabaka hayo.

Mchangiaji, Sakina, Arusha

Sisi wa Land Rover huambiwa kwamba magari yetu hayashiki kutu. Baada ya lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa Arusha, watu kadhaa wamenunua magari kuukuu kwa imani hiyo, kwa hiyo naomba nafasi.

Ni kweli kwamba Land Rover, tangu ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, ilitengenezwa kwa mabati ya aloi ya aluminiamu, kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao Uingereza. Lakini chesi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, ukuta unaotenganisha injini na dereva ni chuma, na kwenye Defender mlango una fremu ya chuma iliyovikwa aluminiamu. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na dalili yake ni unga mweupe na rangi inayovimba kando ya ribiti na kwenye kingo za milango. Wakati huo fremu ya chuma nayo inaendelea kuoza ndani kwa utaratibu wa kawaida.

Kwa hiyo ukirudisha bati la aluminiamu juu ya fremu, weka kizuizi katikati: epoksi pande zote mbili, pamoja na utepe wa raba au gundi ya maungio. Tumia ribiti za aluminiamu. Usikubali fundi akuchomelee aluminiamu kwa mashine aliyoiandaa kwa ajili ya chuma. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, ilhali utando wake wa juu unahitaji zaidi ya nyuzi 2,000, na asiyejua kuuondoa utando huo atatoboa bati kabla ya kuliunganisha. Kazi hiyo ina mashine yake na gesi ya agoni.

Na kwa wanaokwenda Ziwa Natron: magadi ni alkali, na alkali huula ule utando unaoilinda aluminiamu. Ukirudi, osha uvungu na ndani ya madigadi kwa maji mengi kabla hujaenda nyumbani kulala. Kupuliza vumbi kwa kompresa hakutoshi.

Mchangiaji, Usa River

Naomba kuuliza wakuu. Mimi nina Corolla ya zamani, sakafu ya upande wa abiria imetoboka, na uwezo wa kuchomelea kwa sasa sina. Nikipiga kiraka kwa ribiti na kuziba kwa silikoni, nitakuwa nimekosea?

Mchangiaji, fundi bodi, Unga Limited, Arusha

Ndugu yangu, inategemea tundu liko wapi. Likiwa katikati ya sakafu, mbali na kizingiti, na mbali na mahali panapofungwa kiti na mkanda, kiraka cha ribiti kitakusogeza mbele hadi upate fedha. Likiwa limegusa sehemu hizo, usifanye hivyo, kwa sababu ndizo zinazokushikilia siku ya ajali.

Silikoni ya madukani inayonuka siki iache kabisa. Ile harufu ni asidi inayotoka wakati inakauka, na asidi hiyo huanzisha kutu mpya chini ya kiraka chako. Tafuta gundi ya poliurethini, ile wanayobandikia vioo vya mbele. Kwangua, paka epoksi bati la sakafu na kiraka pia, acha ikauke, weka gundi ukingo wote, piga ribiti, kisha paka epoksi tena juu na chini. Kapeti isirudi mpaka umeshajua maji yaliingilia wapi. Kwenye gari la umri huo anza kukagua raba ya kioo cha mbele na ya mlango: mtu mmoja amwage maji kwa mpira kutoka nje, mwingine akae ndani na tochi.

Mchangiaji, Himo

Nashukuru kwa uzi huu. Mleta uzi hujagusa chesi, na pikapu zetu ndiko zinakomalizikia. Pia umesema upande wa ndani ndio unaooza, lakini hujasema unaulinda vipi baada ya kuchomelea, maana moto umeshaunguza rangi ya nyuma.

Mleta uzi, Moshi

Nianze na la pili, kwa kuwa ndilo linaloamua kama kazi yote iliyotangulia itadumu. Kwenye mlango, mkono unafika: sugua maungio kwa nyuma, paka epoksi kwa brashi, funga maungio kwa gundi, halafu zibua vitundu vya maji na upitishe waya kuhakikisha. Kwenye kizingiti, mkono haufiki, kwa hiyo hupulizwa nta maalumu ya mashimo ya bodi kupitia vitundu vilivyopo, kwa mrija mrefu, baada ya rangi kukauka kabisa. Ukiikosa madukani, grisi safi iliyolainishwa kwa oili mpya inasaidia, ila itabidi uirudie mara kwa mara. Oili chafu ya injini ambayo wengi huipaka uvunguni siipendi. Huharibu mipira, hudondoka kwenye udongo wa shamba, na siku fundi atakapokuja kuchomelea tena, itawaka.

Lami nayo ina masharti. Ukiipaka juu ya chuma safi chenye epoksi, ni kinga nzuri. Ukiipaka juu ya kutu, hufunika kila kitu na kukaa nzima kwa nje huku maji yakitembea nyuma yake, na mkaguzi anayekuja kununua gari ataona uvungu mweusi unaopendeza.

Kuhusu chesi, hapo ndipo ninapomwachia fundi mwenye uwezo zaidi yangu. Gonga kwa nyundo ndogo kwa urefu wote, hasa karibu na mahali springi zinapofungwa na pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, kwa kuwa tope hulala juu yake. Nyundo ikizama, kiraka cha bati jembamba hakifai. Inahitajika sahani ya chuma cha unene unaolingana na chesi, iliyokatwa kwa mshazari ili mstari wa kuchomelea usivuke chesi wima, na gari liwe limetegemezwa lisipinde wakati wa kazi. Namba ya chesi iliyogongwa kwenye chuma isisuguliwe wala kufunikwa kwa mchomeleo kwa hali yoyote, kwa sababu ikitofautiana na kadi ya gari utakuwa na kesi ya kueleza. Vivyo hivyo ukibadilisha rangi ya gari, kadi inataja rangi, kwa hiyo lipeleke suala hilo TRA (mamlaka ya mapato) mapema.

Mkuu wa Himo, kama pikapu yako ina mbao nyuma, anza kwa kung'oa zile zilizo nyuma ya kibini. Bodi nyingi huinamia huko gari linaposhuka mlima, na maji hukusanyika kwenye kona zote mbili.